Siku Niliyomwomba Mkwe Sindano

Naanza na aibu yenyewe, msije mkasema niliificha. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha shule ya jioni kilichotiwa kioo na kutundikwa sebuleni, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu aking'olewa jino la nyuma, mzizi mmoja hubaki ndani ya taya, na mzizi huo haufi, unaota polepole kama muhogo kuelekea sikioni, na mbolea yake ni karafuu. Aliyenipa elimu hiyo ni Juma kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yangu ya viti pale mtaa wa Cibitoke, hapa Bujumbura, na Juma hakusema kwa kubahatisha, alikuwa na ushahidi: kuna mwanamume wa mtaa wa Kinama, mzizi wake ulimtokea kabisa, ukachomoza sikioni, ikawa kila asubuhi anapiga mswaki mdomoni halafu anahamia sikioni.

"Na dawa ya meno anatia?" nilimuuliza.

"Anatia," akasema Juma, huku anamnyoa mtu kisogo. "Asipotia, sikio linanuka."

Mnaona wenyewe, mambo yalikuwa yamekamilika. Ningekosaje kuamini?

Tena nilikuwa na sababu zangu. Kabla ya hapo niliumwa na gego mpaka shavu likawa kubwa kuliko kichwa (nasema kweli, abiria walikuwa wananipisha kiti wakidhani tuko wawili), nikaenda kwa daktari wa meno. Chumba kizima kilinuka mafuta ya karafuu, yale wanayolowesha kwenye pamba. Daktari alivaa koti jeupe lililopigwa pasi likasimama, na pembeni palikuwa na sinia la chuma, vyuma vikigongana ndani yake, kling, kling. Akanipiga sindano ya ganzi, akaniambia ningoje ishike. Sasa mimi siku hiyo nilikuwa na haraka ya kuwahi mpira, akaniuliza, "Imeshika?" nikasema, "Imeshika, dokta, vuta tu." Ndugu zangu, ilikuwa haijashika. Alipovuta niliona Bujumbura yote, ziwa na milima yake, halafu nikaona na Kongo ng'ambo ya pili, na nilikuwa nimefumba macho.

Jino likatoka, kidonda kikapona, nikasahau. Lakini siku moja jirani akaniletea chai yenye karafuu, na kikombe hakijafika mdomoni taya likajifunga, jasho likanitoka, mate yakajaa, na mahali pa lile jino pakaruka, tik. Nikaweka kikombe chini. Wiki iliyofuata ikawa pilau. Baadaye si karafuu tena, hata mdalasini, hata iliki, kitu chochote kinachonukia kama jiko la watu wa pwani. Kisha, na hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, nikaenda kununua nyama, muuzaji amevaa koti jeupe, nikamwambia "Nipe..." na taya likajifunga hapohapo, nikabaki namwonyesha nyama kwa kidole kama bubu. Muuza nyama hakuwa na karafuu hata moja! Nikarudi kwa Juma mbio.

"Juma, mzizi unanusa, sawa, hilo nimekubali. Lakini koti limeujulia wapi?"

Juma akawaza, akapuliza nywele kwenye mashine, akasema, "Umeshapanda mpaka karibu na jicho. Sasa unaona."

Nikaanza kulala na pamba sikioni.

(Shule ya jioni, niseme hili pia, tulifundishwa habari za mbwa fulani aliyezoezwa mpaka akawa anatokwa na mate akisikia kengele tu, hata chakula kisipokuja. Nilicheka mpaka mwalimu akanitoa nje. Nilisema mbwa gani huyo mjinga. Katika mtihani swali lile nililipata vizuri sana.)

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Mdogo wangu Shabani alimpenda msichana anaitwa Zuhura, wa familia moja iliyohamia Mutanga Nord, watu wazito, Waislamu wa mji tangu enzi za mababu, watu ambao hata zulia lao unaona aibu kulikanyaga. Shabani alikuwa hali, halali, fundi wa pikipiki lakini akifunga boliti anaikaza upande wa kufungulia. Baba yetu ameshafariki, kwa hiyo wa kwenda kutoa posa nilikuwa mimi, kaka mkubwa, na msemaji pia nikawa mimi, kwa sababu ya kile cheti na kwa sababu ya mdomo huu mnaoujua. Tukaongeza wazee wawili wa mtaa, na Juma kinyozi, aliyejialika mwenyewe.

"Kaka," Shabani aliniambia tulipokuwa tunavaa, "mi sikuombi kitu kingine. Wakisema ndiyo, nashukuru. Wakisema apana, nitakubali. Lakini wasiseme apana juu yako."

"Juu yangu mimi? We mtoto, mimi hapa watanipa na wa pili!"

Tukafika baada ya swala ya adhuhuri. Tukapokewa vizuri, tukakalishwa mkekani, Shabani akawekwa nyuma kabisa, kichwa chini, kama desturi. Mzungumzaji wa upande wao alikuwa Mzee Hamisi, baba mkubwa wa Zuhura, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele, na alivaa kanzu nyeupe. Ndugu zangu, ile kanzu! Imepigwa pasi ikasimama. Nikasikia tik. Nikajiambia, tulia, hiyo ni kanzu tu, na wewe umevaa kama hiyo.

"Karibuni sana wageni wetu," akasema Mzee Hamisi. "Nyumba hii iko na kawaida yake, ya tangu kwa marehemu babu. Kwanza tunakula. Jibu linatoka mikono ikishanawiwa. Asiyekula kwetu hatujuani naye."

Kabla hajamaliza, harufu ikaingia. Haikuingia kama harufu za kawaida, iliingia kama mkwe, imenyooka, inajua inakokwenda. Pazia likafunguliwa, likaingia sinia la pilau kubwa kama tairi la lori, nyama juu, karafuu zimejaa humo kama kokoto, na nyuma yake sinia la chuma lenye glasi za chai na vijiko, kling, kling, kling. Jasho likanitoka hadi nyayoni. Wenzangu wakanawa. Mimi sikunawa.

Hapo ningeweza kusema neno moja tu: jamani, mimi karafuu haikai na mimi, nisameheni. Basi, yangeisha, wangenipa ndizi na maharage. Lakini niliona, msemaji mzima, mwenye cheti, nianze kueleza habari za mzizi na sikio mbele ya watu wa Mutanga? Nikachagua uongo mdogo, mzuri, wa kidini, ambao nilidhani utanipandisha hadhi.

"Mbona hunawi, mwanangu?" akauliza Mzee Hamisi.

Nikainamisha macho kama walii. "Mi nimefunga, mzee."

Wote wakanigeukia. Nilidhani ni heshima.

"Umefunga?"

"Ee. Si leo Alhamisi? Mi Alhamisi huwa sizipotezi."

"Alhamisi ni kweli," Mzee Hamisi akasema polepole. "Lakini jana tulichinja."

Ndipo nikakumbuka. Jana yake ilikuwa Idi ya kuchinja! Hata nyama iliyo juu ya lile sinia ilikuwa ya Idi! (Kwa asiyejua: siku ya Idi ile na siku tatu zinazoifuata ni za kula na kunywa, kufunga ni haramu, hata mtoto wa madrasa anayelilia maandazi anajua hilo.) Nilikuwa nimekaa mbele ya ukoo mzima, nimetumwa kuomba binti, na nimejisifu kwa haramu.

Juma akanisogelea, akaninong'oneza, "Sema unalipa siku za Ramadhani."

Na mimi, kwa kuwa akili ilikuwa imeshatoka imekaa nje na viatu, nikasema kwa sauti kubwa, "Ni za kulipa, mzee! Nalipa za Ramadhani!"

"Hata za kulipa hazifungwi leo," akasema mzee mmoja wa kwetu. Wa kwetu, jamani!

"Huyu msemaji alichaguliwa na nani?" akauliza mtu pembeni.

"Iko na cheti," mwingine akajibu.

Halafu nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mwanamke, nami nikajua baadaye kuwa ndiye Shangazi Mwamini, dada yake Mzee Hamisi na mwenye pilau lile. "Nyinyi hamuoni? Huyu hajafunga kitu. Anaogopa chakula yetu. Anafikiri tumetia sumu!"

Hilo neno, hapa kwetu, si la mchezo. Posa zimekufa kwa neno hilo, na watu wameacha kuzikana kwa neno hilo. Nikaona mabega ya Shabani yanashuka kule nyuma. Wazee wetu wakaacha kutafuna. Baba yake Zuhura, aliyekuwa amekaa kando ya Mzee Hamisi, akaweka tonge lake chini.

"Apana!" nikasema. "Sumu apana, wallahi!"

Mzee Hamisi hakukasirika, na ndicho kilichonimaliza. Alichukua tonge, akala mwenyewe mbele ya macho ya wote, kama mwenye nyumba anavyofanya ili mgeni aone chakula ni kisafi. Akameza. Halafu akachota tonge la pili, akalikanda vizuri, akaweka na kipande cha nyama, akanisogelea kwa magoti.

"Saumu ya haramu haingojewi magharibi," akasema anatabasamu. "Mimi mwenyewe nitakufuturisha. Fungua mdomo."

Sasa niwaombe mjiweke mahali pangu. Mtu mrefu, nguo nyeupe iliyosimama, anainama juu yangu. Vidole vinakuja mdomoni. Karafuu inajaa puani. Na mtu fulani pembeni, Mungu amsamehe, anakoroga chai, kling, kling. Mimi sikuwa tena Mutanga. Nilikuwa kwenye kile kiti. Nikaushika mkono wa Mzee Hamisi kwa mikono yangu miwili, nikapiga kelele ambayo nadhani Kinama waliisikia wakafunga madirisha:

"Dokta, ngoja! Sindano haijashika!"

Mguu wangu ukaruka wenyewe ukalipiga sinia la chai, glasi zikaenda kila moja na njia yake, tonge likapaa likatua kwenye kanzu, kifuani, na ile nyama ikateleza taratibu mpaka tumboni, watu wote wanaitazama inavyoshuka.

Mzee Hamisi aliuangalia mkono wake ambao mimi bado nilikuwa nimeushika. "Sindano gani?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kweli kujua.

"Ni wazimu," mtu akanong'ona. "Maskini, ni kijana tu."

Baba yake Zuhura akageuka, lakini hakunigeukia mimi. Alimgeukia Shabani. "Kijana, nisamehe nikuulize, mi ni mzazi. Huo ugonjwa kwenu ni wa ukoo?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Msemaji mjinga husamehewa, msemaji mwongo huchekwa mpaka akazeeka. Lakini wazimu wa ukoo, hakuna baba atakayempa binti yake mtu wa ukoo huo, nami nisingemlaumu. Shabani akainua kichwa. Alinitazama mimi, akasema, "Kaka, waambie."

Nikawaambia. Nilisema yote, mpira niliotaka kuwahi, ganzi niliyoidanganyia, karafuu, muuza nyama, mzizi, sikio, mwanamume wa Kinama na mswaki wake. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Nilipofika kwenye pamba ya sikioni nikaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Ni kweli," Juma akadakia, akitaka kunisaidia. "Mzizi wake umeshafika kwenye jicho. Unaona."

Baba yake Zuhura akamwangalia. "Na huyu naye ni wa ukoo?"

"Apana!" akasema Shabani haraka, neno lake la pili tangu tuingie. "Huyu ni kinyozi tu."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Kicheko cha msichana, kilikuwa kimebanwa muda mrefu kikatoka kwa pua, na nikamwona Shabani anageuka rangi, maana alikijua. Halafu pazia likafunguka, akatoka Shangazi Mwamini mwenyewe, mwanamke mnene, mikono bado ina unga, akaja akasimama mbele yangu kama askari wa barabarani.

"We baba, njoo tuelewane. Pilau yangu ni mbaya?"

"Apana, shangazi."

"Uliwahi kula kwangu ukaumia?"

"Apana."

"Ulipoumia, ni karafuu iliyokuvuta jino?"

"Ni... ni dokta."

"Aa." Akageukia watu. "Mi sasa niwaambie kitu, na mwenye kucheka acheke. Mnajua mi sili ndagala, vile visamaki vya ziwani. Zamani nilikuwa nazila mpaka kichwa. Siku moja nimekula ndagala mchana, jioni malaria ikanishika, nikatapika usiku kucha. Malaria, si ndagala, daktari alipima, akasema malaria. Lakini tangu hapo ndagala nikiona tu, tumbo inageuka. Halafu ikawa mukeke. Halafu samaki yote. Halafu nikawa nikipita sokoni naona kikapu kitupu, kikapu tu, cha yule mama muuza ndagala, natema mate. Sasa mniambie, ndagala iliacha mzizi kwenye taya gani?"

"Mwamini," akasema Mzee Hamisi, anaokota wali kifuani. "Miaka yote hii nyumba haipikwi samaki, uliniambia ni dokta alikukataza!"

"Ningekwambia naogopa kikapu?"

Watu wakapasuka. Mzee mmoja wa kwetu akasema yeye alianguka kwenye mnazi akiwa mtoto na hadi leo hawezi kupanda hata kiti, baba yake Zuhura akasema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akanitazama mimi na tonge lile kwenye kanzu ya kaka yake, akaongeza, "lakini huyu alimpiga ung'ongo teke." Mimi nikacheka pia, ingawa sikuwa na hakika kama nacheka au nalia, na sikuelewa bado, ndugu zangu, nilikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye gari mtaa asioujua. Nilielewa tu kwamba neno wazimu limeondoka chumbani.

Lakini kawaida ya nyumba ilibaki palepale. Mzee Hamisi akanyoosha kanzu yake, ile sehemu safi iliyobaki. "Jibu linatoka wote wakishakula," akasema. "Na mmoja hajala."

Shabani akanitazama tena. Nikalitazama lile sinia. Nikanyoosha mkono, wallahi niliunyoosha, kwa ajili ya mdogo wangu, na mkono ukafika nusu ya njia ukageuka ukarudi gotini. Shangazi Mwamini akanipiga kofi mkononi, akaondoka, akarudi na bakuli la maharage na ndizi, chakula walichopikiwa watoto jikoni, akaniwekea mapajani.

"Kula hiyo. Kawaida inasema kula. Haisemi kula nini."

Nilikula lile bakuli kama mtu aliyefunga kweli. Nikalisafisha kwa kidole. Mikono ikanawiwa, Mzee Hamisi akakohoa, akasema kwamba familia imesikia, imeona (akasita kidogo hapo kwenye "imeona"), na imekubali, kwa sharti moja dogo: siku ya ndoa msemaji awe mtu mwingine yeyote, hata kinyozi. Shabani akainuka akambusu mkono, mkono ule ule niliopigana nao. Vigelegele vikatoka nyuma ya pazia, na kimoja kilikuwa kimechanganyika na kicheko.

Basi hayo ndiyo yangu. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, sitajisingizia tena saumu, si Alhamisi wala Jumatatu, na chakula nisichokiweza nitakikataa kwa jina lake mlangoni, kabla sijavua viatu. Posa pia sitoi tena. Atakayenialika, nitakwenda, nitakaa nyuma, nitanyamaza.

Lakini siku ile, tulipokuwa tunaondoka, bado kichwa changu kilikuwa hakijatulia, kwa hiyo nikarudi getini alipokuwa amesimama Shangazi Mwamini, nikamuuliza taratibu, Juma asisikie.

"Shangazi, nisamehe. Kama si mzizi, kinachoruka humu ndani ya taya ni kitu gani?"

Akanishika kidevu, akakigeuza upande huu na upande ule, kama anayekagua papai.

"Ni taya lako tu, baba. Unalibana mwenyewe. Siku ile uliumia na karafuu ilikuwa pale, sasa ukisikia karafuu unangoja kuumia, na kila kinachofanana na siku ile unakingoja hivyohivyo. Onja kidogo kidogo, usiumie, taya itazoea. Jino lenyewe lilitoka lote na mizizi yake, zamani sana, na wakalitupa jalalani."